Nimepima mafuta ya damu pale Mwanga mara mbili, nyota tatu na mbili kati ya hizo ni za kijana wa maabara

Naandika hii kwa watu wa hapa Kigoma maana kila siku naona mtu anauliza wapi wanapima kolestro na wanapimaje. Jina la maabara siweki, sitaki ugomvi, na kuna kijana pale sitaki apate shida kazini kwa ajili ya mdomo wangu. Iko Mwanga, ya mtu binafsi, inatosha. Nimeenda mara mbili ndani ya wiki moja, ya kwanza elfu 35 yangu ilienda bure kabisa, ya pili nilikaa pale karibu saa nzima nafundishwa kitu ambacho hakuna daktari amewahi kunieleza, kwahiyo mkiona nyota zangu hazieleweki ndio sababu.

Kisa ni kaka yangu. Alipata kiharusi mwezi wa sita, yuko kwake Ujiji anaendelea, mguu umerudi ila mkono bado. Daktari alivyoona familia nzima tumejaa pale wodini, na miili yenyewe hii ya kwetu, akasema nyie wote mkapime mafuta kwenye damu. Mimi nina miaka 46, nafanya biashara ya dagaa na migebuka Kibirizi, presha sina, sukari sina, nikaona ni kutimiza wajibu tu. Jumanne nimemaliza kugawa mzigo, nikapita kwa mama ntilie nikala vizuri, mgebuka uliokolea mawese na ugali wa muhogo na soda baridi juu yake, saa tisa nikaingia maabara nimeshiba kweli kweli.

Mapokezi sasa. Dada yuko na simu, nimesalimia mwakeye, kimya, nikasema labda sio wa huku nikasalimia kiswahili, akanyoosha mkono nimpe jina. Akaandika, akataja bei, nikalipa, kaa pale. Hajaniuliza kama nimekula. Neno moja tu, "umekula?", lingeniokoa elfu 35 na siku tatu za kujidanganya. Ukutani wamebandika mabango kibao ya malaria, ya kunyonyesha, ya kunawa mikono, lakini la kumwambia mtu wa kipimo cha mafuta aje na njaa halipo.

Kuchomwa sina lalamiko, kijana ana mkono mwepesi, mshipa kaupata mara moja na mimi mishipa yangu inajificha. Baada ya saa moja na nusu nikapewa karatasi. Nawaandikia kama ilivyokuwa, kolestro yote 6.4, HDL 1.1, triglisaraidi (ndio mafuta yenyewe) 5.1, LDL 3.0, hizo HDL na LDL nazieleza mbele. Pembeni kuna safu ya "kawaida" na imeandikwa kolestro chini ya 200, triglisaraidi chini ya 150, LDL chini ya 130. Jamani. Mtu una 6.4 unaambiwa mwisho 200, utafanyaje? Nilitoka pale natembea kama nimeshinda bahati nasibu. Nikampigia dada mkubwa nikamwambia sisi wengine damu zetu ni maji ya bomba.

Aliyeniharibia furaha ni mtoto wa dada, anasoma mambo ya famasi, nimemtumia picha ya karatasi nikijisifu akanijibu "mama mdogo hizo namba na hiyo safu ya pembeni haziongei lugha moja". Kumbe mashine yao inatoa majibu kwa milimoli kwa lita, na karatasi wamechapisha mipaka ya miligramu kwa desilita, vipimo viwili tofauti, ni sawa na mtu akuuzie dagaa kwa debe alafu bei ameandika ya kilo. Kolestro unazidisha kwa 38.67, 6.4 yangu inakuwa kama 247. Triglisaraidi unazidisha kwa 88.57, ile 5.1 inakuwa 450 na kitu wakati mwisho ni 150. Nilikaa chini. Mipaka sahihi ya lugha ile ya kwanza ni kolestro chini ya 5.2, triglisaraidi chini ya 1.7, andikeni mahali.

Ijumaa asubuhi nikarudi na moto wangu. Safari hii mtoto alinambia nisile kitu usiku, maji tu, masaa 12. Dada wa mapokezi akaniambia marejesho hakuna, nikasema basi niitie aliyenipima, akatoka yule kijana, na hapo ndio nyota zinaanza kupanda. Hakubisha. Aliangalia karatasi, akasema mama pole, hiyo safu nimeshamwambia bosi mara tatu. Alafu akaniuliza, mama Jumanne ulikula nini? Nikamwambia. Akacheka, akasema twende nikuonyeshe chakula chako cha mchana.

Akafungua friji akatoa tyubu, ina jina langu. Alikuwa ameiweka kwa sababu ilimshangaza. Nyie, damu ikishazungushwa kwenye mashine, ile nyekundu inakaa chini na juu yanabaki maji ya njano yanayoonyesha upande wa pili kama chai ya rangi nyepesi, akanionyesha ya mtu mwingine nikaiona. Yangu ilikuwa nyeupe nyeupe, mawingu, kama maji uliyooshea kikombe cha maziwa, na kwa kuwa imelala kwenye friji juu kabisa kumeelea utando mweupe, ule ule wa maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Nikauliza hiyo ni nini. Akasema hayo ni mafuta ya mgebuka wako mama, yalikuwa njiani bado hayajafika.

Sasa hapa ndio nilipokaa saa nzima, akanichoma upya alafu tukaongea huku mashine inazunguka.

Anasema yale maji ya njano zaidi ya asilimia 90 ni maji kweli, na mafuta na maji tunavyojua, chukua beseni mimina kijiko cha mawese koroga mpaka mkono uchoke, ukiacha tu yanapanda juu yanakusanyika. Mafuta yangeachwa hivyo kwenye damu yangeshikana madonge yakaziba. Kwahiyo mwili haumwagi mafuta kwenye damu hivi hivi, unayapakia kwenye vyombo. Vyombo vyenyewe vinaitwa lipoproteini, ndani umejaza shehena ya mafuta na kolestro, nje kuna ganda ambalo upande mmoja unapenda maji umeangalia nje, upande mwingine unapenda mafuta umeangalia ndani, na kwenye ganda kuna protini zimesimama kama namba za usajili na bendera za kuonyesha chombo cha wapi kinaenda wapi. Nikamwambia hapo umenipata, mimi nimekulia ziwani.

Akanambia basi chukulia Liemba. Nimepanda Liemba mara nyingi enzi inatembea, meli ya Mjerumani ile, waliizamisha wenyewe 1916 vita vya kwanza, Mwingereza akaiibua 1924 na ikaendelea kubeba watu miaka na miaka. Mnaojua mnajua, Liemba vijiji vingi haikuwa inatia nanga gatini maana gati lenyewe hakuna, inasimama mbali kwenye maji usiku, inapiga honi, unaona mitumbwi inakuja mbio na taa, watu wanashushiwa ubavuni, magunia yanarushwa, mtoto analia, dakika chache imeondoka nyepesi kidogo inaelekea kijiji kingine. Pale Lagosa niliwahi kuteremkia mtumbwi na kuku wanne mkononi nusura niingie majini, hiyo hadithi siku nyingine.

Ndio hivyo hivyo na mafuta ya chakula. Utumbo mdogo unavunja mafuta kwa msaada wa nyongo, nyongo inafanya kama sabuni kwenye sufuria, alafu seli za utumbo zinayaunda upya na kuyapakia kwenye chombo kikubwa kuliko vyote kinaitwa kailomaikroni. Ni kikubwa hakipiti kwenye vimishipa vidogo vya utumbo, kwahiyo kinazunguka njia ya limfu, kinapanda kifuani mpaka karibu na bega la kushoto ndio kinaingia kwenye damu. Hapo kinaanza kupita vijijini, yani kwenye misuli na kwenye mafuta ya mwili. Hakiingii ndani ya kijiji, kinasimama ukutani mwa kimshipa, na pale ukutani kuna vibarua, ni kimeng'enya kinaitwa lipoproteini laipesi, wao wanakata triglisaraidi vipande vipande na kushusha, misuli inachukua ya kuchoma, tumbo na makalio yanachukua ya kuweka akiba. Misuli inayofanya kazi inaongeza vibarua wake, kwahiyo mtu anayetembea anashushiwa haraka kuliko anayekaa. Meli ikishakuwa karibu tupu ini linaichukua na kuivunja. Hiyo safari yote ni masaa tu, ndio maana ukilala na njaa masaa 9 mpaka 12 asubuhi zile meli kubwa hazipo tena kwenye damu. Mimi nilichomwa saa tisa, meli zote ziko katikati ya ziwa zimejaa, ule weupe kwenye tyubu ndio zenyewe.

Kuna vyombo vingine ini lenyewe linapakia hata kama hujala kitu, vinaitwa VLDL. Ini linatengeneza mafuta yake, na soda na sukari na wanga ukizidisha linageuza kuwa triglisaraidi na kupakia humo, hapo nikakumbuka soda yangu. VLDL nazo zinashushwa njiani na vibarua wale wale, na nyingi zikishaisha triglisaraidi kinachobaki ni chombo kidogo kimejaa kolestro, hicho sasa ndio LDL ambayo watu wanaiita kolestro mbaya. Kijana hapendi hilo jina. Anasema kolestro ni ile ile moja, haina mbaya wala nzuri, mwili unaitaka kujengea kuta za seli, homoni, nyongo yenyewe, na kolestro nyingi mwili unajitengenezea hauli, tofauti ni imepanda chombo gani na chombo kinaelekea wapi. LDL inapeleka. Seli inayotaka kolestro inafungua mlango wake, LDL inaingia, imekwisha. Milango hiyo mingi iko kwenye ini, na waliogundua ni Wamarekani wawili Brown na Goldstein, Nobel wakapata 1985, walianzia kwa watoto waliozaliwa milango yao haifanyi kazi, mtoto mdogo LDL imejaa kwenye damu anapata mshtuko wa moyo hajafika hata umri wa kuoa.

Nikauliza mbaya iko wapi sasa. Akasema milango ikiwa michache kuliko mitumbwi, yani hizo LDL, mitumbwi inazubaa kwenye damu siku mbili tatu inazurura, na mingine inapenya ukuta wa mshipa inakwama ndani, inaharibika, seli za ulinzi zinakuja kuila zinavimbiwa mpaka chini ya hadubini zinaonekana kama povu, miaka inapita panakuwa na kidonda chenye mafuta ndani ya ukuta. Siku kikipasuka damu inaganda juu yake. Ikitokea moyoni ni mshtuko wa moyo, ikitokea kwenye mshipa wa kichwani ni kilichompata kaka yako. Hapo sikucheka tena.

HDL ni inayorudisha. Inaanza ikiwa bapa, kama gunia tupu lililokunjwa, inapita kwenye seli na kwenye kuta inachukua kolestro iliyozidi, inajaa inakuwa mviringo, inarudisha kwenye ini. Mimi na magunia yangu ya dagaa hii nilielewa hata kabla hajamaliza. Mwanamke anatakiwa angalau 1.3, mimi nina 1.1, yani magunia machache. Ila akanionya nisije nikadanganywa na mtu anauza kitu cha kupandisha HDL, anasema kampuni kubwa zimejaribu dawa zinazopandisha HDL sana tu na mshtuko wa moyo haukupungua, kinachookoa watu ni kupunguza LDL.

Haya, na hapa ndio ugomvi wangu mkubwa na karatasi yao, mkubwa kuliko hata ile safu ya pembeni. LDL 3.0 waliyoniandikia hakuna mtu aliyeipima. Imekokotolewa. Kuna hesabu ya mtu anaitwa Friedewald na wenzake ya mwaka 1972, unachukua kolestro yote, unatoa HDL, unatoa triglisaraidi uliyogawa kwa 2.2, kinachobaki unaita LDL. Fanyeni wenyewe, 6.4 toa 1.1 toa 2.3, inakuja 3.0. Hesabu inadhania triglisaraidi zote ziko kwenye mitumbwi ya ini ile VLDL, ambayo kwa kiasi fulani cha triglisaraidi ina kolestro kiasi fulani. Sasa mimi nilikuwa na meli kubwa za chakula, shehena yake triglisaraidi tupu, kolestro kidogo sana, kwahiyo hesabu ikanitolea kolestro ambayo wala haikuwepo huko, na LDL ikaonekana ndogo. Ndio maana hesabu hiyo triglisaraidi zikipita 4.5 hairuhusiwi kutumika kabisa, unaacha wazi au unapima LDL yenyewe moja kwa moja. Wao wakajaza tu. Kompyuta imejaza, anasema kijana, na nilimuona aibu imemjaa.

Majibu ya Ijumaa na njaa yangu, kolestro 6.3, HDL 1.1, triglisaraidi 2.2, LDL 4.2. Angalieni vizuri. Kolestro yote imebaki pale pale karibu, HDL pale pale, triglisaraidi zimeshuka zaidi ya nusu, na LDL "imepanda" kutoka 3.0 mpaka 4.2 ndani ya siku tatu ambazo nilikuwa nakula mboga za majani kwa woga. Haijapanda, ilikuwa 4 na kitu tangu mwanzo, mgebuka uliificha. Kwa ile lugha nyingine ni 162. Mtu anaweza kutembea na karatasi ya 3.0 miaka mitano anajiona mzima.

Kuwatendea haki, kijana anasema Ulaya wataalamu wao walikubaliana 2016 kwamba kwa kipimo cha kawaida si lazima ufunge, watu wengi tofauti ni ndogo, ila triglisaraidi zikitoka juu ya 5 unarudia ukiwa na njaa. Sawa. Basi waniambie nirudie! Mimi nilikuwa na 5.1 na hakuna aliyenyanyua mdomo.

Kuhusu mawese tulitaka kugombana kabisa. Nilimwambia mawese ni mmea, hayana kolestro, hata madumu ya mafuta ya dukani wanaandika bila kolestro. Akasema mama mmea wowote hauna kolestro ya kuhesabika, wanaoandika hivyo wanakuuzia sifa ambayo hata mafuta ya alizeti ya jirani yako anayo bure. Shida ya mawese ni karibu nusu yake ni mafuta yale mazito yanayoganda, na hayo yanafanya ini lipunguze milango ya kupokelea LDL. Nikabisha, mpaka aliponikumbusha dumu la mawese asubuhi ya mwezi wa saba, unalikuta chini limeganda zito la rangi ya chungwa na juu kuna jekundu jepesi, unalianika juani ndio limiminike. Nimeliona hilo dumu maisha yangu yote. Sijaacha mawese, nisiwadanganye, mgebuka bila mawese ni samaki wa mgonjwa, ila nilikuwa naweka upawa sasa naweka kijiko na alizeti kidogo.

Daktari baada ya kuona karatasi ya pili na habari za kaka kaniandikia vidonge vya kumeza usiku, vya kundi la statini. Nilivyojua habari ya milango nikaelewa hata kidonge, kinalizuia ini kutengeneza kolestro yake, ini likiona limepungukiwa linaongeza milango na kuvuta LDL kutoka kwenye damu. Chanzo chake ni ukungu, Mjapani Akira Endo ndiye aliyeipata dawa ya kwanza ya aina hiyo miaka ya 70 akichunguza ukungu, ukungu wa familia moja na ule unaoota kwenye chungwa lililosahaulika.

Nyota basi. Mapokezi sifuri, na salamu wajifunze, huku ni kwa Waha. Bei ni ya kawaida ila ya mara ya pili wangepunguza, walinilipisha 35 nyingine kamili, nimeumia. Usafi nzuri, sindano mpya inafunguliwa mbele yako. Karatasi ya majibu mbovu. Kijana wa maabara tano kamili, muombeni awafafanulie, yupo asubuhi, na nendeni na njaa hata kama mapokezi hawajawaambia.

Juzi nimempeleka dada mkubwa. Dada wa mapokezi kamuuliza "umekula?" kabla hata ya jina, na kwenye karatasi safu ya pembeni wamekata 200 kwa peni wakaandika 5.2 kwa mkono, mstari wenyewe umepinda.